Joto Lisilofika Chumba cha Mwisho

Watu wa Afrika ya Mashariki walijuapo neno rejeta, aghalabu hulijua kwa motokaa. Kazi ya rejeta hiyo ni kuipunguzia injini joto ili isiungue. Katika nyumba za Uingereza ziko rejeta za namna nyingine, nazo hutumika kwa haja iliyo kinyume: hupokea joto lililotoka mbali na kulieneza chumbani. Boila hupasha maji moto. Pampu huyasukuma katika mabomba. Maji hupita katika kila rejeta, huacha sehemu ya joto lake, kisha hurudi kwenye boila yakiwa yamepoa kidogo. Mwendo huo ukitimia sawasawa, mkaaji wa nyumba husahau kwamba nje kuna theluji. Usipotimia, hakumbuki jambo lingine.

Katika nyumba moja ya kupanga mjini Leeds, yenye orofa tatu, boila ilikuwa jikoni chini. Wapangaji wa orofa ya chini waliishi na madirisha wazi katika mwezi wa Januari, kwa kuwa vyumba vyao vilikuwa na joto kupita kiasi. Juu kabisa, upande wa nyuma, alikaa mwanafunzi aliyetoka Tanga pamoja na mkewe na mtoto wao wa miezi minne. Kipimajoto chao jioni kilionyesha digrii 14. Mwongozo wa makazi wa Shirika la Afya Ulimwenguni uliotolewa mwaka 2018 unataja digrii 18 kuwa joto la kiasi na salama kwa nyumba za nchi za baridi, na huongeza kwamba watoto, wazee na wagonjwa yamkini wahitaji zaidi. Basi upungufu wa chumba kile haukuwa jambo la anasa.

Shauri lililotolewa na mwenye nyumba lilikuwa rahisi: boila iongezwe moto. Iliongezwa mara mbili. Vyumba vya chini vikazidi kuwa tanuri, na chumba cha juu kikabaki vile vile. Gharama ya gesi iligawanywa sawa kwa wapangaji wote. Kwa hiyo baba wa mtoto yule alilipia joto lililotoka nje kwa dirisha la jirani yake. Manung'uniko yakaanza, na watu waliokuwa wakisalimiana ngazini wakapitana kimya.

Ndipo alipoitwa fundi bomba mmoja mzee, jirani, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Alipita chumba hata chumba akigusa kila rejeta juu, chini na pande zote mbili.

"Moto mnao wa kutosha," alisema. "Mlichokosa ni mgawanyo."

"Basi, mzee, tuanzie wapi?" akauliza yule mwanafunzi.

"Kila rejeta husema yenyewe ugonjwa wake. Tuisikilize kwanza."

Maneno hayo ni msingi wa kazi yote. Rejeta iliyo moto chini na baridi juu ina hewa ndani. Hewa ni nyepesi, hupanda na kukalia mahali pa maji. Dawa yake ni kuzima boila, kungoja maji yapoe, kushika kitambaa chini ya tundu la juu, na kulegeza skrubu yake kwa ufunguo mdogo mpaka sauti ya hewa iishe na maji yatoke. Baada ya hapo kanieneo ya maji hutazamwa tena, kwa maana katika mitambo mingi iliyofungwa hutakiwa kuwa bar 1 hadi 1.5 maji yakiwa baridi. Rejeta iliyo moto juu na baridi chini katikati ina tope jeusi. Tope hilo ni chuma cha rejeta yenyewe kilicholiwa na kutu na kutulia chini kwa uzito. Hewa ikirudi kila baada ya majuma machache, mtu asifurahie wepesi wa kuitoa: huenda bomba linavuja, au kutu inaendelea kuzaa gesi ndani. Na rejeta moja ikiwa baridi yote hali jirani zake ni moto, mara nyingi kijiti kidogo cha vali kimenata baada ya kufungwa majira yote ya joto.

Rejeta ya chumba cha juu haikuwa na ugonjwa wowote katika hiyo. Ilikuwa vuguvugu tu, tena pande zote. Maji hupenda njia fupi isiyo na kizuizi. Yalikuwa yakizunguka katika rejeta za chini na kurudi upesi kwenye boila, na yaliyofika juu yalikuwa machache. Dawa ilikuwa katika vali ya pili ya kila rejeta, ile iliyofunikwa kofia na isiyoguswa na mkaaji. Nyumba iliachwa ipoe, vali zote zikafunguliwa, boila ikawashwa, na mpangilio wa rejeta kupata moto ukaandikwa. Iliyotangulia ilibanwa ikaachiwa robo ya mzunguko. Zilizofuata zikaachiwa zaidi kwa kadiri ya umbali. Ya mwisho ikaachwa wazi kabisa.

Mpangaji wa chini alipinga. Aliona ananyang'anywa haki yake, hali yeye hakumdhulumu mtu. Kweli hakudhulumu, dhuluma ilifanywa na bomba. Fundi hakubishana naye. Aliweka kipimajoto chumbani mwake, kikaonyesha digrii 26 dirisha likiwa limefungwa. Siku ya pili, baada ya vali kubanwa, kilionyesha 20, naye alikuwa amekaa na shati moja kama kawaida yake. Chumba cha juu kilikuwa kimefika 19, na boila ilikuwa imepunguzwa moto.

Kazi haikuisha yote. Maji yaliyotoka sebuleni yalikuwa meusi, na kusafisha mabomba kulimpasa mwenye nyumba. Boila yenyewe mzee hakuifungua: tangu mwaka 2009 kazi ya gesi nchini humo hufanywa na mafundi walioandikishwa katika Gas Safe Register. Lakini hesabu ya mizunguko ya kila vali iliandikwa katika karatasi na kubandikwa jikoni, mahali pa wote. Mtu yeyote mwenye spana angaliweza kuirudisha hali ya zamani kwa dakika moja. Wapangaji walijua hivyo, na wa kwanza kutia sahihi chini ya karatasi ile alikuwa mpangaji wa chini.