Stika Mpya Haifuti Kesi

Leo siasa tuiweke pembeni. Nataka tuzungumze jambo ambalo sisi Waunguja hatulisemi kwa sauti. Mtu kanywa, kaendesha gari, kakamatwa, kahukumiwa. Halafu? Halafu maisha yanaendelea. Faini inalipwa, muda wa kufungiwa leseni unakwisha, watoto wanataka kula, na gari inatakiwa irudi barabarani. Gari nayo hairudi barabarani bila ya bima. Hapo ndipo watu wanapoharibu mara ya pili, tena bila ya kunywa hata tone.

Najua wapo watakaosema, "Aa, Zanzibar hakuna walevi bwana, hao ni wageni." Haya. Anayetembea Mji Mkongwe usiku, au aliyewahi kurudi kutoka Nungwi au Paje alfajiri ya Jumapili, anajua ninachosema. Kisiwa chetu ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa mno, na baa zipo. Kwa kuwa kunywa ni aibu, basi na kila kinachofuata baada ya kunywa kinafichwa. Anafichwa mkwe, anafichwa imamu, anafichwa bosi. Mwisho wa yote, inafichwa na kampuni ya bima.

Nimeyaona haya ndani ya familia yetu. Mtoto wa ami yangu anaendesha gari ya kuchukua watalii, uwanja wa ndege hadi pwani ya kaskazini. Ni kazi yake pekee, ana mke na watoto watatu. Alipatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa. Alilipa, akafungiwa leseni, akakaa nyumbani hadi muda wake ukamalizika. Siku ya kukata bima upya akapewa fomu. Katikati ya fomu kulikuwa na swali moja: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani katika miaka ya karibuni?

Likaitishwa baraza la familia, wallahi kama la posa. Ami akasema, "Andika hapana. Nani atakwenda kupekua mafaili ya mahakama?" Shangazi akaongeza kuwa mdogo wake anaolewa mwaka huu, kwa nini tutoe karatasi inayosema kaka wa bibi harusi ni mlevi? Mimi nikaulizwa mwisho, ati kwa kuwa ni mwandishi na najua mambo ya karatasi. Nikasema andika ndiyo. Kukawa kimya.

Sababu zangu ni hizi, maana nadhani zitamfaa na mwengine.

Kwanza tujue bima hii ya lazima ilikuja kwa ajili ya nani. Uingereza iliifanya kuwa lazima kwa sheria ya barabara ya 1930, magari yalipokuwa yanaua watu na wenye magari hawana cha kuwalipa wafiwa. Makoloni yakafuata. Tanganyika iliipata sheria yake ya bima za magari mwaka 1945, ambayo mpaka leo Bara inajulikana kama Sura ya 169. Wazo ni lile lile kila mahali: mimi nikiwa na gari, lazima kuwe na mfuko wa kumlipa yule niliyemgonga. Ndiyo maana inaitwa bima ya mtu wa tatu. Mtu wa kwanza ni mimi, wa pili ni kampuni, wa tatu ni yule bibi anayevuka barabara pale Mwanakwerekwe na kikapu chake cha mboga. Bima hii haitengenezi gari yangu. Inamtazama yule bibi.

Pili, bima ni mkataba wa pekee. Ukinunua samaki pale Darajani, muuzaji hana wajibu wa kukuambia alivuliwa lini, wewe mwenyewe fungua shavu utazame. Kwenye bima ni kinyume. Wewe ndiye unayeijua hatari, kampuni haiijui, kwa hiyo sheria inakutaka useme kila jambo zito ambalo lingebadilisha uamuzi wao wa kukukubali au bei watakayokutoza. Ukidanganya kwenye fomu, kampuni inapata haki ya kuusema mkataba ule haupo. Hawatakwambia siku unayolipa. Siku unayolipa watakupa stika na tabasamu. Watakwambia siku ya ajali, kwa sababu hiyo ndiyo siku faili linapofunguliwa na mtu anapewa kazi ya kulisoma neno kwa neno. Ami aliuliza nani atapekua mafaili ya mahakama. Jibu ni huyo.

Sasa tuje kwenye makosa mengine ambayo nimeyasikia yakishauriwa barazani kama hekima.

"Iandikishe gari kwa jina la mkeo." Hili wanalipenda sana. Lakini fomu haiulizi mwenye gari tu, inauliza na nani ataiendesha. Mke asiyejua hata kubadilisha gia akiandikwa kuwa dereva mkuu wa gari ya watalii, huo ni uongo juu ya uongo, tena sasa umemtia na mke ndani.

"Iendeshe polepole tu mpaka kifungo cha leseni kiishe." Mikataba ya bima kwa kawaida inamlinda dereva mwenye leseni ambaye hajazuiwa kuendesha. Ukiwa umefungiwa, stika uliyonayo ni pambo. Na hapo unaongeza kesi mpya juu ya kesi ya zamani.

"Kata ya gari binafsi, ni rahisi." Gari inabeba abiria wa kulipa, bima inasema ni ya kwenda sokoni na kupeleka watoto skuli. Hili wanalifanya hata wasiokunywa! Matumizi yakiwa tofauti na yaliyoandikwa, kampuni ina mlango wa kutokea.

"Kuna kijana anatoa stika bei poa." Jamani! Siku hizi stika zinahakikiwa kwenye mtandao. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wake ambapo unaingiza namba ya gari au ya stika na unaona kama bima ipo na inakwisha lini. Ni dakika moja kwenye simu. Askari wa trafiki naye ana simu.

La mwisho ni la wale wenye bima kubwa, wanaodhani wamemaliza. Soma masharti. Karibu kila mkataba una kipengele kinachosema dereva akiwa amelewa, gari yake hailipwi. Na kwa yule mtu wa tatu, mfumo huu tulioachiwa na Mwingereza una kawaida ya kuibana kampuni imlipe majeruhi kwanza, kisha irudi kwako ikudai. Kwa hiyo usidhani umeponea. Umekopeshwa tu.

Ndugu zetu walio nje wanaishi chini ya utaratibu mwengine. Uingereza, dereva mlevi hufungiwa leseni kwa kawaida si chini ya miezi 12, na hatia ile inabaki kwenye kumbukumbu za leseni yake kwa miaka 11. Marekani, majimbo mengi yanakutaka kampuni yako ya bima ipeleke serikalini cheti kiitwacho SR-22, mara nyingi kwa miaka mitatu, kuthibitisha kuwa una bima. Ukiacha kulipa mwezi mmoja, kampuni inaiarifu serikali na leseni inasimamishwa. Kule huwezi kuficha hata ukitaka, dola inakufuata. Hapa kwetu tuna sheria yetu ya usafiri wa barabarani, namba 7 ya 2003, lakini pale kwenye kaunta ya bima unabaki wewe, kalamu na swali lile. Wengi wanaona hiyo ni nafuu. Mimi naona ndiyo mtihani wenyewe.

Mtoto wa ami aliandika ndiyo. Kampuni ya kwanza ilimkataa palepale. Ya pili ilimtaka aandike barua ya maelezo, alete nakala ya hukumu na risiti ya faini, kisha wakamkubali kwa bei ya juu kuliko aliyozoea. Akalalamika wiki nzima. Nilimshauri mambo mawili tu: abaki na nakala ya fomu yake yenye muhuri, na asiache bima ikatike hata siku moja, ili mwakani awe na mwaka safi wa kuonyesha. Nikamwambia pia kuwa kampuni ikimfanyia hila kwenye madai, TIRA wapo, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini huko unakwenda vizuri kama fomu yako ni safi. Ukienda na uongo mkononi utakwenda kusema nini?

Ami hajanisemesha vizuri tangu siku ile. Anaona nimeianika nyumba. Harusi imepita salama, hakuna mkwe aliyeuliza fomu ya bima ya mtu. Aibu ya ulevi naielewa, nimelelewa humu humu. Ila aibu hiyo ni baina ya mtu na Mola wake na nyumba yake. Deni la yule bibi wa Mwanakwerekwe ni jambo jengine kabisa. Yeye hajui nani alikunywa na nani aliandika nini. Anachojua ni kuwa gari ilikuwa na stika.

Na dawa kubwa kuliko zote mnaijua. Ukinywa, panda taksi. Haya, tuonane wiki ijayo inshaallah.