Wamama, tuambiane nyumba

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya nyumba za kupanga, na juu ya feza tunazotoa hata kabla ya kulala ndani yake usiku mmoja.

Sisi wengi hapa Bukavu ni wapangaji, na safari hiyo tunaijua. Mwenye nyumba anakuja jioni, anasema mtoto wake anataka kuoa, chumba kinahitajika, mtoke mwisho wa mwezi. Unatafuta komisioneri. Leo anakupeleka Panzi, kesho Nyamugo, kesho kutwa Muhungu, na kila mara anaomba feza za kutembelea kabla mlango haujafunguliwa. Nyumba ikikupendeza, unamlipa tena kodi ya mwezi mzima, hiyo ni yake. Kisha mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita.

Mwaka uliopita jambo hilo lilimpata mwenzetu mmoja wa kikundi. Ni mjane, anauza samaki wa kukaushwa, ana watoto wanne. Alitafuta nyumba karibu mwezi mzima, nasi tulimwona kila siku ya posho kwenye mkutano wetu, akitoa feza zake za likelemba kama kawaida. Hakusema kitu. Alipata vyumba viwili kwa dola 50 kwa mwezi. Alikuwa ametembelea nyumba nne, dola 5 kila moja, ndiyo 20. Komisioneri akachukua 50. Garanti ya miezi sita ikawa 300. Jumla dola 370, na ndani yake mlikuwa minervali ya binti yake mkubwa. Mtoto akakaa nyumbani wakati wenzake walipoanza masomo.

Tulijua yote siku tulipokwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Tulibeba magodoro na masufuria, tukamfuata, tukashangaa kuona tunarudi njia ileile ya kanisa letu. Nyumba yenyewe iko nyuma ya kanisa tunapokutania. Wawili kati yetu wanapita mbele ya mlango wake kila asubuhi wakienda kuchota maji. Mmoja alijua kwamba nyumba ilikuwa wazi tangu majuma matatu, na alimjua mama mwenye nyumba, maana wanaimba pamoja katika kwaya.

Tuliweka magodoro chini, tukatazamana. Kisha mmoja akamwuliza, “Mama, sababu gani hukutuambia?” Akajibu, “Niliona haya. Mungesema nimefukuzwa.”

Neno hilo lilituumiza, kwa sababu lilikuwa la kweli. Mwaka mmoja mbele mama mwingine alihamishwa kwa ajili ya deni, na sisi tulimsema sana. Yule mjane alikuwa pale, alisikia yote. Basi si komisioneri peke yake aliyemla feza. Vinywa vyetu pia vilimfunga asiombe msaada.

Tangu siku ile tumeweka kawaida mpya. Kila posho, kabla ya kuhesabu likelemba, mwenye kuongoza mkutano anauliza mambo mawili: nani anajua nyumba iliyo wazi, na nani anatafuta. Hakuna anayeulizwa sababu ya kuhama. Tunaandika avenyu, vyumba vingapi, kodi gani, maji yako au hayako. Mama anayejua mwenye nyumba anampeleka mwenzake kwake, uso kwa uso. Mpaka sasa jamaa tano wamepata nyumba kwa njia hiyo, bila kulipa komisioni.

Lakini tusijisifu. Mwezi wa tatu wa kawaida hiyo, mama mmoja kati yetu alimwonyesha mwenzake nyumba, kisha akamwomba dola 10 “za soda.” Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ametembea, amepoteza saa zake za soko, apewe. Wengine walisema tukianza na soda tutamaliza na mwezi mzima. Tulikubaliana hivi: nauli ya moto italipwa na anayetafuta, na zaidi ya hapo hakuna. Mama yule alirudisha feza. Tunamshukuru kwamba angali pamoja nasi, maana wengi wangetoka.

Wala hatuwachukii makomisioneri. Wengine ni watoto wetu wenyewe, vijana waliomaliza shule bila kupata kazi. Wanatembea juani tangu asubuhi wakipanda na kushuka milima hii. Kama huna mtu katika mtaa unaokwenda, pengine utamhitaji. Basi pateni bei mapema, kabla ya kutoka nyumbani. Uliza: kutembelea ni ngapi, na feza hizo zitaondolewa katika komisioni? Wako wangapi, na sehemu ya wenzake inatoka kwa nani? Komisioni yenyewe usiitoe mpaka umeonana na mwenye nyumba na ufunguo uko mkononi mwako.

Juu ya garanti, kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema kwamba kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita kodi ya miezi mitatu. Tena garanti si zawadi: ukitoka bila deni na bila kuharibu kitu, inarudishwa. Kwa mwenzetu yule ingekuwa dola 150, si 300. Nusu iliyobaki ilikuwa masomo ya mtoto.

Tunajua mutasema nini. Ukimtajia mwenye nyumba sheria, atakujibu, “Kama hutaki, wengine wako.” Ni kweli, imetupata. Lakini tumeona kwamba mama akienda peke yake anajibiwa hivyo, na akienda na wamama wawili wazee wanaojulikana mtaani, wanasalimu vizuri, wanaketi, wanaomba kwa upole, mara nyingine mwenye nyumba anashuka. Mmoja alishuka toka miezi sita mpaka minne. Bado ni zaidi ya sheria, lakini mfuko wa unga ulibaki nyumbani.

Kabla ya kutoa feza yoyote, tunafanya haya. Tunatembelea nyumba mchana, na tena baada ya mvua kubwa, maana katika mji huu wa milima mvua ndiyo inaonyesha ukuta unaolia na udongo unaoteremka. Tunauliza jirani kama kweli yule anayejiita mwenye nyumba ndiye, na kama mpangaji wa mbele aliacha deni la maji au umeme. Tunaandika hali ya milango, vioo na choo, ili siku ya kutoka tusidaiwe kilichokuwa kimevunjika. Na feza zinatolewa mbele ya shahidi, pamoja na karatasi yenye tarehe, hesabu na sahihi mbili. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule au mmoja wetu, si haya.

Binti wa mwenzetu alirudi darasani baada ya majuma sita. Kikundi kilitoa kwenye sanduku la masaada, na mama anaendelea kulipa kidogo kidogo. Sasa yeye ndiye anayeshika daftari letu la nyumba. Ukiketi karibu naye hatakuuliza kwa nini unahama. Atauliza tu watoto ni wangapi na shule yao iko wapi.

Wamama, posho ijayo mukikuja, pitieni polepole njia munayoizoea. Angalieni milango iliyofungwa tangu siku nyingi, waulizeni majirani, mutuletee habari. Na yule anayetafuta, asione haya kusema. Sisi wote tulihama siku moja.