Pai za Mji wa Kale na Daftari la Makosa

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kwa upande wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hulakiwa kwanza na milango ya nakshi na maduka ya vinyago. Lakini akiiacha njia kubwa na kuingia vichochoroni baada ya sala ya alasiri, atalakiwa na harufu: kitunguu kinachokaangwa, iliki, tui la nazi, unga unaooka. Sehemu kubwa ya chakula cha jioni katika mji huu hutoka majumbani, mikononi mwa akina mama. Meza ndogo mlangoni, sinia lililofunikwa kawa na mtoto wa kupokea pesa, hilo ndilo duka zima.

Juu ya meza hizo, kando ya mahamri, katlesi na viazi vya karai, hukaa pai za nyama. Sambusa jina lake lina asili ya Kiajemi. Pai jina lake ni la Kiingereza. Hata hivyo, anayeimega pai ya Mombasa hukuta ndani yake kima iliyoungwa kwa thomu, tangawizi, bizari, pilipili manga na kotmiri, ikakamuliwa ndimu. Watu wa Pwani wamelipokea gamba la mgeni, wakalijaza vilivyo vyao.

Gamba hilo ndilo lenye mashaka. Katika mtaa wa Kibokoni yuko mama mmoja, mjane, ambaye kwa miaka 9 ameoka pai mara mbili kila wiki, na kila siku katika mwezi wa Ramadhani. Ada za watoto wake watatu zimetoka katika oveni moja ya umeme iliyo pembeni mwa ukumbi wake. Alinikaribisha kwa kahawa chungu na kashata, kisha akaniambia, "Mwanangu, pai si chapati. Chapati yataka moto, pai yataka baridi. Na baridi Mombasa utaitoa wapi?"

Maneno yake yana sababu. Unga wa pai huchanganywa na siagi au mafuta mgando kwa ncha za vidole hadi ufanane na chenga. Vipande vile vidogo vya mafuta vinapaswa kubaki vigumu mpaka viingie ndani ya oveni. Humo huyeyuka kwa ghafla, maji yaliyomo yakageuka mvuke, na gamba likaachana tabaka kwa tabaka. Mafuta yakiyeyuka mapema hunywewa na unga, na gamba hutoka gumu lenye kunata mafuta. Siagi huyeyuka kabisa ifikapo takriban nyuzi 35 za Selsiasi, na hulainika kabla ya hapo. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, mchana wa Mombasa hufikia nyuzi 32. Vidole vya mpishi vina joto zaidi.

Mama huyo hakuyasoma haya chuoni. Ameyapata katika daftari la shule la mwanawe, ambamo kila siku ya kuoka huandika tarehe, hali ya hewa na kasoro iliyotokea. Alinifungulia kurasa zake bila haya. "Gamba limenywea": alilisukuma bila kuupumzisha unga. "Limepasuka juu": hakutoboa tundu la kupitisha mvuke. "Chini pabichi" imeandikwa mara nyingi kuliko zote, na sababu yake ni moja, kima kutiwa ingali moto.

Kutokana na kasoro hizo amejiwekea utaratibu. Kima huiva usiku na kulala ndani ya jokofu. Unga hukandwa baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaingia dirishani, kwa nusu kilo ya unga na robo kilo ya mafuta, na maji ya barafu yanayotiwa kijiko kwa kijiko. Kisha hupumzishwa nusu saa penye baridi. Trei huingizwa oveni ikiwa imekwisha kupata moto wa nyuzi 200. Wakati wa kusi, upepo unapopoza mji, kazi humwendea vizuri na pai zake huchanua. Kaskazi ikirudi, makosa aliyodhani ameyazika hufufuka.

Nilimuuliza pai zilizoharibika huzipeleka wapi. Zilizopasuka huliwa nyumbani au hupelekwa kwa jirani. Zenye ubichi chini haziuzi, ingawa kwa juu zimepakwa kiini cha yai na zinang'aa. Alinikumbusha hadithi ya lundo la nafaka lililokuwa kavu juu na limelowa ndani, akanyamaza.

Uaminifu huo una gharama yake. Mwaka mmoja alipokea oda ya pai 150 za hitima. Umeme ulikatika trei mbili tu zikiwa zimeiva, na unga uliobaki ukalainika mezani hadi ukawa kama uji. Alimpigia mteja simu saa sita mchana, akamweleza yaliyotokea na kumrudishia malipo yote ya awali, ilhali nyama ilikwisha nunuliwa. Zile zilizoiva alizipeleka hitimani kama sadaka. Mteja yule hajarudi mpaka leo. "Haki yake imerudi," alisema, "na mimi nalala."

Tangu siku hiyo haipokei oda inayozidi pai 60, kiasi ambacho akiweza kukiokoa kwa oveni ya dada yake mtaa wa pili. Faida imepungua, naye hakuificha hali hiyo. Binti yake mkubwa sasa ndiye mwenye zamu ya Jumamosi, na mwandiko wa daftari umebadilika. Katika ukurasa wa mwisho niliouona ameandika: "Joto kali. Pai 40. Tatu mbichi chini. Tumezila."