Mgeni wa Iyula na Kikapu cha Kahawa

Ndugu msomaji, wengi wetu tulio wafanyakazi ni watu wa barua ya uhamisho. Leo uko Tanga au Dar es Salaam, kesho unatakiwa kufunga virago na kuelekea wilaya ambayo hujapata kuiona ila katika ramani. Mfanyakazi mwenyewe hunung'unika. Mkewe na watoto, ambao hawakuulizwa neno, hunung'unika zaidi. Nataka kuzungumza nawe juu ya maisha ya jamaa wa namna hiyo, kwa kuwa sisi ni miongoni mwao. Asili yetu ni Tanga, mume wangu ni mwalimu, na makao yetu kwa miaka tisa sasa ni Iyula, Wilaya ya Mbozi.

Mbozi ni nchi ya Wanyiha. Tangu mwaka 2016 wilaya hii imo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita wilayani humu zikielekea Tunduma, mpakani na Zambia. Lakini kwa mtu wa pwani, habari kubwa ya huku ni baridi. Pwani kipupwe ni upepo mwanana unaomfanya mtu ajifunike shuka. Iyula, mwezi Juni na Julai, ni baridi inayoingia mifupani, na asubuhi watoto huenda shule wakitoa moshi vinywani.

Katika kipupwe chetu cha kwanza nilikusudia kuingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale katika joto. Jirani yangu aliniona nikilipepea uani, akaniuliza nalipeleka wapi. Nilipomjibu, alisema, "Mama Mwalimu, jiko hilo halitawaamsha." Hakufanya mzaha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huipumua asijue, akapitiliza usingizini. Jioni ile aliniletea blanketi moja zito, akanifundisha kuwakusanya watoto jikoni, mlango ukiwa wazi, wapate uji wa ulezi kabla ya kulala. Wewe uliye na ndugu huko kwenye baridi, mfikishie onyo hilo leo.

Kipupwe ndicho pia majira ya kuchuma kahawa, na hapo ndipo nilipouelewa vizuri ule usemi wetu wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa kikapu. Kahawa haichumwi mara moja kama mahindi, maana punje za tawi moja haziivi pamoja. Huchumwa zile nyekundu tu, na mti uleule hurudiwa tena na tena. Zilizochumwa humenywa maganda upesi, huvundikwa, huoshwa kwa maji safi, kisha huanikwa juu ya vichanja. Huko zinageuzwa mara kwa mara, na kufunikwa jua linapozidi na umande unapoanguka. Uzembe wa siku moja huweza kushusha daraja la kahawa iliyolelewa mwaka mzima, na daraja likishuka, ada ya shule na bati la nyumba navyo vimeshuka.

Kichanjani ndiko nilikojifunzia Kinyiha, nikichambua punje mbovu huku akina mama wakinicheka matamshi. Sikuwa mgeni wa kwanza kupita njia hiyo. Mmisionari Mjerumani Traugott Bachmann, aliyefungua kituo cha Moravian cha Mbozi mwaka 1899, naye alilazimika kuketi na kujifunza lugha ya wenyeji. Mtu akikusalimu kwa lugha yake nawe ukaweza kuitikia, hata bei ya maharage hubadilika.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mgeni halipati kwa salamu. Tuliazimwa shamba la mahindi na maharage tangu mwaka wa kwanza, lakini shamba la kahawa hatukuazimwa, wala hatukuomba. Mahindi huvunwa na ardhi ikarudi kwa mwenyewe, mbuni hudumu miaka mingi, na aupandaye ni kama anayesema, "Mimi nipo." Mwaka wa sita, mzee mwenye nyumba wetu alimwita mume wangu, akamwonyesha kipande cha ardhi nyuma ya ua, akasema tuchimbe mashimo. Tulichimba thelathini, kila moja sentimita sitini kwenda chini, tukayajaza udongo wa juu na samadi, na mvua zilipoanza tukapanda miche. Mbuni huanza kuzaa kwa maana yake mwaka wa tatu.

Kabla mwaka huo haujatimia, nafasi ya kurudi Tanga ilipatikana. Tuliijadili usiku mwingi. Mama yangu mzazi anazeeka huko nami humwona mara moja kwa mwaka. Jambo hilo si dogo, na halijaacha kuniuma. Lakini mtoto wetu wa mwisho, aliyezaliwa Iyula, aliposikia neno kurudi aliuliza, "Turudi wapi?" Baba yake hakuwa na jibu, wala mimi. Tukabaki.

Sikuambii, ndugu msomaji, kwamba kila mtu abaki anakopelekwa. Nasema tu kwamba wako watumishi walioishi mahali miaka kumi na sanduku halijafunguliwa, wakihesabu miezi, wasijue jina la mtoto wa jirani. Hao wameipoteza miaka hiyo kwao na huku pia. Barua ya uhamisho ikikufikia, nenda na blanketi zito, uliza kabla ya kuwasha moto, na ukipewa kikapu kipokee. Ukionyeshwa mahali pa kuchimba shimo, chimba, hata kama huna hakika kwamba ni wewe utakayechuma.