Ulinde Goti Lako, Mpwa Wangu



Hongera. Mama yako ameniambia viza imetoka na kwamba mwisho wa Septemba unaondoka kwenda Leipzig. Ameniambia pia kwamba siku zote ulizokuwa ukitafuta nafasi ya chuo ulikuwa ukitafuta na klabu ya judo na jiu-jitsu, na hilo la pili yeye halimfurahishi. Mimi linanifurahisha. Ila nina masharti, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika badala ya kukutumia sauti ya WhatsApp utakayoisikiliza mara moja ukaisahau.

Leipzig si ugenini kabisa kwa watu wa kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki ndiyo iliyotusaidia kujenga majumba ya Kikwajuni na Michenzani, na vijana wa Kizanzibari wakapelekwa kusoma kule. Wengi tulianzia Herder-Institut, tukasomeshwa Kijerumani kwanza, ndipo tukatawanywa katika vyuo. Chuo Kikuu cha Leipzig kimeanza mwaka 1409, na Kiswahili chako kinafundishwa pale mpaka leo. Jioni nilikuwa nakwenda ukumbi wa wanafunzi kufanya judo. Mwaka 1980 mwanajudo wao Dietmar Lorenz alipochukua dhahabu ya Olimpiki kule Moscow, ukumbi ule ulijaa watu hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Kwa hiyo ninayokwambia nayajua kwa ndani.

Usiruhusu mtu akwambie kwamba kitabu na mieleka havikai nyumba moja. Jigoro Kano alimaliza Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1881, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21, akaanzisha judo yake ndani ya hekalu, katika chumba cha mikeka 12 na wanafunzi 9. Maisha yake yote alikuwa mwalimu, na chuo cha ualimu cha Tokyo alikiongoza kwa miaka mingi. Hata hiyo jiu-jitsu ya Brazil unayoipenda wewe imetoka mkononi mwake, kwani Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan, shule ya Kano, ndiye aliyefika Brazil mwaka 1914 na baadaye akamfundisha Carlos Gracie. Na kwetu wenyewe usisahau Andrew Mlugu, aliyepanda mkekani kwa jina la Tanzania kwenye Olimpiki ya Paris 2024, uzani wa kilo 73. Njia ipo.

Lakini sikiliza. Kibali chako cha kukaa Ujerumani kitaandikwa kwa ajili ya masomo. Hakitaandikwa kwa ajili ya judo, hata ukimwangusha bingwa wa jimbo. Katika kozi nyingi kule, somo la lazima ukilifeli mara ya tatu umetoka, na kozi hiyohiyo huruhusiwi kuisoma tena katika chuo kingine cha nchi ile. Mitihani ya semesta ya baridi huangukia Februari. Goti likikatika Januari, Februari utakwenda mtihanini kwa magongo, umekunywa dawa za maumivu, hujalala. Mwenzako Mjerumani akiumia anarudi kwao, mama yake anampikia. Wewe utapanda ngazi za bweni peke yako na mfuko wa viazi mgongoni. Basi fanya mazoezi kama mtu ambaye kesho asubuhi ana darasa. Hili ndilo kubwa katika barua hii.

Nikuonyeshe hatari iko wapi. Mwenzako akiukunja mkono wako, maumivu huja mapema, unagonga mkeka, anakuachia. Kabari ya shingo nayo inakupa ishara: damu inabanwa pande mbili, masikio yanavuma, unajua saa imefika. Shambulizi la kisigino ni habari nyingine. Anakuwekea miguu yake kuzunguka paja, anakikumbatia kisigino chako kwapani, kisha anageuza kiwiliwili. Mguu wa chini unazunguka, na goti halikuumbwa kuzunguka. Hapo maumivu huchelewa. Ukisubiri uyasikie, kano zimeshachanika, na upasuaji na kujifunza kutembea upya ni karibu mwaka mzima. Judo imelipiga marufuku shambulizi hilo kabisa, na IBJJF, shirikisho la jiu-jitsu ya Brazil, inaliruhusu kwa mikanda ya kahawia na nyeusi tu, tena bila kimono. Lakini mazoezini kila ukumbi una desturi yake, na kijana mwenye mkanda mweupe aliyetazama video usiku huja kulijaribu kwako. Gonga pale unapokamatwa, usingoje kuumia. Na mtu akikuumiza mara mbili kwa pupa, mwambie kwa adabu, "Leo sitacheza na wewe." Hiyo ni haki yako, na kocha wa maana atakuunga mkono.

Siku ya kwanza usiende kucheza, nenda utazame. Tazama wakubwa wanavyowashika wadogo na wageni. Tazama kama mtu akigonga anaachiwa palepale. Tazama kama wanafuta mkeka kila siku, kama wanavaa ndara mpaka ukingoni, kama kucha zimekatwa. Choa huenea mkekani kuliko unavyodhani, na kuna vijidudu vibaya zaidi vinavyopita kwenye mchubuko mdogo tu. Oga usiku uleule, kimono ukifue kila mara ukitoka mazoezini, na ukiona duara jekundu kwenye ngozi kaa nje mpaka lipone. Usione haya. Aibu ni kuwaambukiza wenzako.

Wapi ujiunge? Anzia michezo ya chuo. Kule vyuo vingi vina idara yake ya michezo, unalipa kidogo kwa semesta nzima na mara nyingi unakuta judo, mieleka na jiu-jitsu. Baadaye tafuta chama cha michezo cha mtaani, wao wanakiita Verein. Ada yake ni ndogo, mara nyingi makocha wanajitolea, na wanachama ndio wanaotandika mikeka, wanaouza keki siku ya mashindano, wanaopakiana kwenye gari moja Jumamosi alfajiri kwenda mji wa pili. Huko ndiko Kijerumani kitakapokuingia. Darasani utasikia Kijerumani cha profesa, ila huwezi kumwomba profesa akusaidie kuhamisha kitanda. Klabu za kibinafsi za jiu-jitsu ni nzuri, lakini ada yake ya mwezi inaweza kuzidi ya semesta nzima chuoni. Ziache kwanza.

Maana fedha zako zinahesabika. Zile euro 11,904 tulizochanga ukoo mzima zikafungiwa benki zinakupa 992 kwa mwezi. Humo mna kodi, bima ya afya, chakula, mchango wa semesta. Ada ya masomo katika vyuo vingi vya umma hakuna, na watu huku wanadhani basi ni bure. Si bure. Kazi unaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Na mtu akikwambia uwafundishe watoto wake mieleka kwa malipo ya mkononi, usipokee kabla ya kuuliza idara ya wageni, kwa sababu kujiajiri kunahitaji ruhusa yao.

Kuhusu kupunguza uzito kwa ajili ya mashindano, nakukataza. Mwaka 1997, Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa katika muda wa wiki chache wakijikausha maji ili watimize uzani. Walikuwa vijana wenye afya, waliovaa nguo za plastiki wakafanya mazoezi kwenye joto. Wewe cheza uzani ulionao. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, pamoja na mitihani na baridi. Ukifunga, fanya mazoezi mepesi ya mbinu, na mashindano uyaache. Mwambie kocha mapema, Wajerumani wanapenda kuambiwa mapema.

Utaulizwa na watu wa msikitini kuhusu kuinama ukumbini. Mimi niliinama kama ninavyomwinamia mzee ninapompa mkono, na moyo wangu haukunisumbua. Ukiona wako unasumbuka, zungumza na kocha faragha. Na mazoezi kule ni wanaume na wanawake pamoja. Ukitaka kucheza na wanaume tu, sema siku ya kwanza kwa upole, utapangiwa. Usimwachie dada wa watu mkono hewani mbele ya ukumbi mzima bila maelezo.

Baridi yenyewe utaizoea. Giza ndilo litakalokusumbua. Desemba jua linazama saa kumi jioni, na kuna wiki ambazo hutaliona kabisa. Hapo ndipo mkeka utakapokuwa dawa: ukumbi wenye taa, watu wanaokujua kwa jina, jasho. Kijana akianza kukosa darasa na mazoezi pamoja, akalala mchana, huo si uvivu, ni maradhi. Chuo kina washauri kwa ajili hiyo. Nenda, na unipigie.

Mtaani utakutana na maneno. Mengi hayana uzito, machache yana sumu. Kuna watu wa ubaguzi kule, sitakuficha. Usimkabe mtu wala usimpige ngwara kwa sababu ya tusi, hata kama una uhakika wa kumshinda. Kesi ya kujeruhi inaweza kugusa kibali chako, na kutukanwa hakukupi haki ya kupiga. Panda tramu na wenzako usiku, kaa karibu na dereva, shuka ukiona hali si nzuri. Mikono yako itumie kujinasua, na miguu kuondoka.

Ukifika, kabla ya kitu chochote, ukishapata chumba kajiandikishe manispaa ndani ya wiki mbili, maana bila karatasi ile mengi yatakwama. Kisha nitumie ratiba ya masomo na ya mazoezi katika karatasi moja, nione zinavyokaa pamoja. Mazoezi mara tatu kwa wiki yanatosha mpaka mitihani ya kwanza ipite. Na mama yako umpigie kila Ijumaa, hata kama huna la kusema.

Mjomba wako,
Unguja