Lubumbashi: volani ya Papa, volani ya mtoto

LUBUMBASHI – Katika lupango moja ya Bel-Air, komuni ya Kampemba, kuna volani imetundikwa ukutani sebuleni, kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi. Gari yake ilikwisha zamani, ikauzwa vipande vipande. Volani ndiyo iliyobaki: duara la ngozi nyeusi, vyuma 3 vinavyotoka katikati, na alama ya BMW ambayo buluu yake imefifia. Watoto wa majirani wakiingia wanaiomba, wanakaa chini kwenye sakafu na kuendesha hewani mpaka wanaitwa kula.

Mwenye nyumba ni shofere mstaafu. Kwa miaka michache kabla ya 1991 aliendesha gari ya bosi mmoja Mbelgiji, mkandarasi wa ujenzi. Bosi huyo alipenda mbio za magari kuliko kitu kingine, na gari aliyoileta kutoka kwao ilikuwa BMW M3 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1986. M3 ilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Sheria za wakati ule zilidai kwamba gari ya mbio itokane na gari ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua dukani, kwa hiyo BMW ikalazimika kutengeneza maelfu. Injini yake ilikuwa na silinda 4, lita 2.3, nguvu za farasi karibu 200. Mwaka 1987 Mbelgiji Eric van de Poele alichukua ubingwa wa Ujerumani kwa gari hiyo, tena bila kushinda hata mbio moja msimu mzima, kwa kukusanya pointi tu. Bosi alisimulia habari hiyo kwa kila mgeni aliyeketi kiti cha nyuma. Shofere aliisikia mara nyingi hata leo anaisimulia yeye.

Kitu kingine kuhusu kizazi kile cha kwanza: zote zilitengenezwa na volani kushoto. Waingereza waliozitaka walizinunua hivyo hivyo. Kwa Kongo, ambako watu wanapita upande wa kulia, hilo lilikuwa jambo jema.

Mwaka 1991, wakati wa uporaji, bosi aliondoka kama wageni wengi walivyoondoka. Mishahara ya miezi 2 ilibaki bila kulipwa. Gari ilibaki pia, na kila siku ilipungua kitu: kwanza magurudumu, kisha viti, kisha milango. Shofere alifungua volani kwa ufunguo wake mwenyewe, akaenda nayo nyumbani. Mpaka leo anasema hakuiba, alijilipa.

Baada ya hapo aliendesha malori. Ni kwenye lori, huko Kasumbalesa, mlango wa nyuma ulipomwangukia mkono wa kulia. Kidole cha kati na cha pete vilikatwa kwenye kiungo cha juu. Kidonda kilipona, akarudi kazini, na kwa miaka yote iliyofuata hakuna aliyelalamika kwamba hajui kushika volani. Volani za malori yale ya zamani zilikuwa kubwa kama sinia, lakini duara lenyewe lilikuwa jembamba. Vidole vyake, hata vile vifupi, vilizunguka mpaka upande wa pili.

Sasa kuna mtoto wake wa kiume, anayefanya kazi na kampuni za migodi, na mambo yake yanaenda vizuri. Huyu alikulia chini ya ile volani ya ukutani. Pesa zilipofika alinunua M3 yake, ya kizazi kilichoanza mwaka 2014, iliyotumika Dubai, ikapita Dar es Salaam, Tunduma, Zambia nzima, mpaka Kasumbalesa. Siku ilipoingia lupango, Papa aliizunguka mara 3 bila kusema kitu. Halafu akaomba ufunguo.

Kati ya gari hizo mbili kuna karibu miaka 30, na M3 imebadilika kila kizazi. Ya 1992 ilipata injini ya silinda 6. Ya 2000 ilifika nguvu za farasi 343. Ya 2007 iliwekewa silinda 8 na nguvu 420. Ya 2014 ilirudi silinda 6 lakini na turbo 2, nguvu 431, yaani zaidi ya mara mbili ya gari ya bosi. Hayo ndiyo watu wanayopenda kuyahesabu wakiwa kwenye bia. Volani haihesabiwi, ingawa ndiyo sehemu ya gari ambayo mwili wa dereva unaigusa tangu anapowasha mpaka anapozima.

Na volani ilinenepa. Magazeti ya magari ya Ulaya yameandika hivyo mara nyingi kuhusu magari ya BMW yenye herufi M: wengine wanaziona nene mno, wengine wanazipenda hivyo. Sababu si moja. Volani ya siku hizi ina mfuko wa hewa katikati, ina vitufe vya redio na simu, na kwenye magari mengine ina nyaya za joto chini ya ngozi kwa ajili ya baridi ya Ulaya, kitu ambacho Lubumbashi hakina kazi hata mwezi wa 7. Juu ya chuma kuna sponji ngumu, juu ya sponji ngozi. Halafu kuna mtindo. Kitu kinachojaza kiganja kinampa mtu hisia kwamba ameshika nguvu, na wauzaji wanajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kuna jambo la chini ya gari pia. M3 za zamani zilisaidia mikono ya dereva kwa pampu ya mafuta. Ile ya 2014 ilikuwa M3 ya kwanza kuiacha pampu na kutumia mota ya umeme. Madereva wengi wa zamani wanasema kwa pampu mtu anasikia barabara vidoleni: hapa changarawe, hapa lami imelainika, hapa gurudumu linaanza kuteleza. Kwa mota habari hizo zinafika chache. Papa hakusoma hayo mahali popote. Siku ya kwanza alirudi akasema tu: "Gari iko muzuri, lakini haisemi."

Aliiendesha mara chache, jumapili, kwenda misa na kurudi. Halafu ikaja ile jumapili ya kona. Kona yenyewe iko hatua chache kutoka lupango, anaijua kuliko kitanda chake. Alikata kushoto, volani ikazunguka ndani ya mkono wake kama sabuni, gari ikaenda mbele badala ya kukata, ikakwaruza ukuta wa jirani. Mwendo ulikuwa mdogo. Hakuna aliyeumia, ukuta ulilipwa kwa mifuko 2 ya saruji na maneno ya heshima.

Jioni mtoto alichukua ufunguo kutoka mezani, akauweka mfukoni. Alisema kwa upole, na upole ndio uliomuumiza mzee zaidi:

"Papa, umeendesha ya kutosha. Macho yamechoka. Utakuwa unapelekwa."

"Macho yangu yaliona ukuta," Papa akajibu. "Ni mkono haukuona."

Hakuna aliyemsikiliza. Katika familia nyingi mambo huenda hivi: mzee akikosea mara moja, kosa linaitwa umri. Kijana akikwaruza ukuta uleule, linaitwa haraka. Wiki 2 mzee hakutoka. Aliishusha ile volani ya ukutani, akawa anakaa nayo magotini akiisikiliza redio, na mama wa nyumba akaanza kuogopa.

Aliyeamua kumpeleka kwa fundi ni binti yake, mdogo wa mwenye gari. Fundi huyo anashona viti na volani chini ya mwembe, karibu na soko. Hana mashine nyingi: cherehani moja ya ngozi, sindano zilizopinda, gundi, na uzi mzito uliopakwa nta. Binti alimwomba kaka yake ailete gari kwa ajili ya "kushona kiti," uongo mdogo ambao baadaye ulisamehewa.

Fundi aliangalia mkono wa mzee kwanza, kabla ya gari. Akaugeuza, akapima kwa uzi kutoka kwenye bonde la kidole gumba mpaka ncha ya kile kidole kifupi. Halafu akauzungusha uzi uleule kwenye duara la volani ya zamani, akafunga fundo. Akaingia kwenye gari, akauzungusha kwenye volani, akafunga fundo la pili. Fundo la pili lilikuwa mbali na la kwanza kwa upana wa kucha moja, basi.

"Hapana," fundi akasema. "Hiyo haitoshi kuangusha mutu."

Ndipo alipokivuta kile kifuniko.

Kifuniko kilikuwa cha mtoto. Alikinunua sokoni wiki ya kwanza kwa sababu ya vumbi jekundu na jua, ili ngozi ya asili isipasuke: kitu cheusi cha mpira na ngozi bandia, kinavaliwa juu ya volani kama soksi. Kila mtu Lubumbashi anakifahamu, taksi nyingi zinacho. Fundi alikuwa amepima mahali ambapo kifuniko kilikuwa kimejikunja na kuacha ngozi wazi. Sasa akapima juu ya kifuniko chenyewe, akafunga fundo la tatu. Hilo lilikuwa limepita la pili kwa upana wa kidole kizima. Kisha akashika kifuniko kwa mikono 2 na kukisokota. Kilizunguka peke yake, na volani ndani yake imetulia.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Alikiangalia kile kifuniko kikizunguka, akakisokota mwenyewe mara moja, halafu mara ya pili.

Fundi, ambaye anapenda kueleza, aliwaeleza. Hakuna unene mmoja unaofaa watu wote. Ana mteja, mama mmoja mwenye ugonjwa wa viungo, ambaye vidole vyake havikunjiki. Huyo alimshonea volani nene zaidi, kwa sababu hawezi kufunga ngumi na kitu chembamba kinamponyoka. Mzee huyu ni kinyume chake. Vidole vinakunjika vizuri, ila ni vifupi. Akishika kitu nene, vinabaki juu yake kama mtu anayepanda mti mkubwa kwa kuukumbatia. Kwenye volani nyembamba vinazunguka na kufunga. Ni mkono uleule, na mtu ni yuleyule.

Mtoto akataka kulipa kosa lake lote siku hiyohiyo. Akauliza kama inawezekana kuifunga ile volani ya bosi kwenye gari mpya, iwe zawadi ya Papa. Fundi alikataa bila kufikiri. Volani ile haina mfuko wa hewa. Ukiondoa ya gari mpya, unaondoa kitu kinachozuia kifua na kichwa cha dereva kugonga mbele, na taa nyekundu itawaka mbele yake kila siku kumkumbusha. Wapo mafundi mjini wanaofanya hivyo kwa ajili ya urembo, wakiziba waya na kuzima taa. Huyu hakutaka pesa ya namna hiyo, na afadhali wangekuwa wengi kama yeye. Alikataa pia kuchonga sponji. Alichokubali ni kimoja: kuvua ngozi iliyokuwa imeanza kulainika kwa jasho na kuteleza, na kushona nyingine nyembamba, kavu, isiyong'aa, akiweka mshono upande wa ndani ambako vidole vifupi vitaugusa na kupata mahali pa kushikia. Kazi ya siku 2. Kwa fundo, alisema, nusu ya kucha itapungua.

Ilipungua karibu hiyo. Mzee alikwenda mwenyewe kuipima kwa uzi, hakuamini neno la mtu.

Jumapili iliyofuata walitoka saa 12 asubuhi, kabla barabara haijajaa malori ya Kasumbalesa. Mtoto alikaa upande wa abiria, mkanda umefungwa, mikono juu ya magoti. Kona ya jirani ilipita bila neno, ingawa jirani mwenyewe alikuwa nje na fagio, akasogea nyuma ya lango lake mpaka gari ipite. Papa alimpungia mkono wa kushoto. Wa kulia haukuachia volani.

Walifika mbali kidogo nje ya mji, wakageuza. Njiani mzee alilalamika kwamba gari bado haisemi, kwamba ile ya bosi ungejua hata ukikanyaga ganda la ndizi. Mtoto akasema labda ni yeye asiyesikia. Mzee akasema labda.

Kuhusu usiku na barabara ya Likasi, hawajakubaliana bado. Ufunguo umerudi mezani, na ule uzi wenye mafundo 3 umefungwa kwenye volani ya ukutani, watoto wa majirani wamekatazwa kuufungua. Kile kifuniko kilichukuliwa na dereva mmoja wa taksi aliyekuwa akisubiri zamu yake pale chini ya mwembe. Fundi alimwonyesha jinsi kinavyozunguka. Yule akasema kwake kitafaa, mikono yake ni mikubwa.