Mkono wa Babu

Babu alipopooza mkono wa kulia, nilidhani simu ingemrudishia bao. Nikapakua programu ya bao la Kiswahili, nikamwekea mapajani. Kila kitu kimo: mashimo 32, kete 64, nyumba, hata namua, kila mchezaji akianza na kete 22 za kuingiza. Mlio wa komwe zikigonga mti nao wameurekodi vizuri, nakiri. Kidole kimoja kingetosha.

Akagusa shimo. Simu ikachota, ikasambaza, ikala, ikasambaza tena. Kabla hajapepesa macho, zamu ilikuwa ya mashine.

“Mbona inacheza yenyewe?”

Nikamweleza kwamba yeye ndiye aliyechagua shimo. Akanyamaza. Mimi mwenyewe, niliyeifunga ile mashine usiku kwa usiku, sikuwahi kuhesabu kete hata mara moja.

Akanirudishia simu. “Lete bao, mjukuu wangu.”

Siku hizi anaonyesha shimo kwa kidevu, nami namsambazia, kisha nacheza zamu yangu. Jana nilimrukia shimo moja.

“Rudisha,” akasema. “Hiyo kete ni yangu.”